Mtutu Ulioitwa Doto

Jirani yangu wa chini hapa Hyattsville, Marekani, alikuwa anaipaka meza yake mafuta ya kitani, mlango ameuacha wazi ili harufu itoke. Ilitoka kweli. Ikapanda ngazi, ikanikuta nimebeba mifuko ya sokoni mikono yote miwili, nami nikasimama pale pale kama mtu aliyeitwa jina. Ni harufu nzito, ina utamu kidogo kama wa karanga zilizokaa sana kwenye mkebe, na kwangu mimi haihusiani kabisa na meza. Kwangu ni harufu ya gereji ya nyumba yetu mjini Bowie nilipokuwa na miaka minane, na ya wiki ambayo niliamini kwamba wazazi wangu wanajiandaa kunirudisha.

Tulikuwa wanne nyumbani. Baba alifanya kazi katika ofisi ya serikali mjini, Mama alikuwa nesi wa chumba cha dharura, kisha kulikuwa na Kulwa, pacha wangu aliyetangulia kutoka, na mimi niliyemfuata, Doto. Shuleni tulikuwa na majina mengine, yale ambayo walimu waliweza kuyatamka. Nyumbani tulikuwa Kulwa na Doto tu, kwa sababu Baba ni mtu wa Tabora, na kwao mapacha hawatafutiwi majina, wanazaliwa nayo.

Wenzangu mliozaliwa huku mtanielewa nikisema kwamba Kiswahili tulikiokota sakafuni. Wakubwa waliongea juu ya vichwa vyetu, sisi tukaokota kilichoanguka, na tukiulizwa tunajibu kwa Kiingereza. Mimi nilielewa maneno karibu yote. Kilichokuwa kinanipita ni nani anasemwa.

Mwaka ule Bibi, mama yake Baba, alikuwa amefariki huko Tabora. Karatasi za uhamiaji za Baba zilikuwa bado hazijakamilika, akaambiwa akitoka Marekani huenda asiruhusiwe kuingia tena, kwa hiyo hakwenda kumzika mama yake. Aliyasikiliza mazishi kwenye simu, amesimama gereji peke yake, simu kaibana sikioni kama mtu mwenye maumivu ya jino. Halafu akarudi ndani akatuuliza kama tumemaliza kazi za shule. Sisi tukadhani yameisha.

Miezi kadhaa baadaye akaanza kuzungumza habari za bunduki. Bibi alikuwa na bunduki ya marisawa, ya mitutu miwili iliyolala pamoja, yenye kibali halali, na alikuwa akiitumia kuwafukuza nguruwe pori kwenye mahindi. Alipofariki, polisi waliichukua kama sheria inavyotaka. Baba alikuwa anatafuta nyingine ya namna ile ile, ya zamani, siyo ya kupiga kitu chochote. Alisema anataka tu kuishika.

Mnada ulikuwa kusini, ukipita Waldorf, kwenye ukumbi mkubwa wa mabati ulionuka soseji za kukaanga na makoti yaliyolowa. Tulikwenda mimi, Kulwa, Baba, na rafiki yake wa kanisani Lanham, Mkenya aliyeitwa Anko Wafula, ambaye hakujua lolote kuhusu bunduki lakini hakupenda Baba aende mahali peke yake. Dalali aliongea haraka mno, bila kupumua, macho kayafumba nusu. Mimi nilikuwa nimeona watu wakinena kwa lugha kanisani, nikadhani tumekuja kwenye ibada nyingine, nikafunga mikono na kuinamisha kichwa.

Kabla mnada haujaanza walituruhusu kuziangalia bunduki. Ile aliyoitaka Baba ilikuwa na nyundo mbili juu kama masikio ya sungura, na ndege waliochongwa ubavuni. Chuma cha mitutu kilikuwa kimesokotwa, kina michirizi inayopishana, kama kichwa kilichosukwa vizuri. Baba aliitenganisha mitutu na kitako, akaining'iniza kwenye kidole, akaigonga kwa ukucha. Ikalia kama kengele ndogo, na mlio ukakaa hewani kwa muda.

"Umesikia?" akamwambia Anko Wafula. "Kiungo cha mitutu kingekuwa kimeachia mahali, ingelia kama sufuria."

"Imelia poa," Anko Wafula akasema. "Nunua basi tuende, watoto wana njaa."

Baba aliinua kibao chake cha kupandishia bei, akainua tena, na mtu mmoja mwenye kofia ya kijani akakata tamaa. Bunduki ikawa yetu. Ilikuwa ya zamani kiasi kwamba sheria iliihesabu kama kitu cha kale, hivyo tukaondoka nayo siku ile ile, ndani ya sanduku refu jembamba. Njia nzima Baba alikuwa anaimba.

Wimbo ulikatika mlangoni. Mama alikuwa ametoka kazini, amekaa kwenye kiti cha jikoni akijikanda miguu, na alipoliona lile sanduku hakuuliza ndani kuna nini.

"Hiyo haiingii humu."

"Mama Kulwa, haina hata risasi. Ni kumbukumbu ya mama tu."

"Kila wikendi nashikilia vidonda vya risasi vya watoto wa watu. Nawashikilia kwa mikono hii. Halafu nirudi nyumbani nilale nyumba moja nayo?"

Ikakaa gereji, ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, na kwa siku nyingi wazazi wangu wakawa wanaongea kwa adabu sana, ambayo ndiyo njia yao ya kugombana.

Jumapili moja baada ya kanisa, nilikuwa kwenye kijichumba cha kufulia, nimepiga magoti natafuta soksi nyuma ya mashine. Mlango wa gereji ulikuwa umeegeshwa, na harufu ya mafuta ya kitani ilikuwa inapita kwenye upenyo. Baba alikuwa anayapaka kwenye kitako kwa kitambaa. Anko Wafula alikuwa naye. Mama alikuwa jikoni anakata vitunguu.

"Kulwa sina wasiwasi naye," nilimsikia Baba akisema. "Mwangalie alivyo safi. Huyu ni orijino. Tatizo ni Doto."

"Hata mimi naona. Hawa hawakuzaliwa pamoja. Ukiwaangalia vizuri hawafanani hata kidogo."

"Doto ameletwa baadaye. Mtu alimtoa mahali pengine, akamuunganisha na Kulwa, akadhani hakuna atakayegundua."

"Na si walikuambia wote wawili ni wa asili?"

"Waliandika kabisa."

"Basi rudisha. Ni haki yako."

Hapo Mama akapaza sauti kutoka jikoni, kisu hakijaacha kukata. "Rudisheni! Mimi nilisema toka siku ya kwanza, huyo Doto wenu simtaki kwenye nyumba yangu."

Wanaume wakacheka. Mama hakucheka.

Jambo ambalo sikulijua ni hili. Bibi alikuwa ameipa mitutu ya bunduki yake majina. Wa kulia, unaofyatuka kwanza, ulikuwa Kulwa, na wa kushoto, unaofuata, Doto. Baba akaihamishia majina hayo bunduki yake mpya, akamwambia Anko Wafula, akamwambia Mama, na hakuona sababu ya kutuambia sisi. Jumapili ile alikuwa amegundua kwamba michirizi ya mtutu mmoja hailingani na ya mwenzake, maana yake mmojawapo uliwahi kuharibika na kubadilishwa. Wauzaji waliandika kwamba bunduki ni ya asili yote, na kama si kweli walikuwa wanaruhusu mnunuzi airudishe. Hivyo tu.

Lakini mimi nilibaki nimepiga magoti nyuma ya mashine na soksi mkononi, na kila kitu maishani mwangu kikajipanga upya.

Kwanza, Kulwa na mimi kweli hatukufanana. Kulwa ana masikio ya Baba, yale yenye ndewe nene, na mimi sina. Kulwa anatumia mkono wa kulia kama Baba na Mama. Mimi natumia wa kushoto, na Mama alikuwa na mazoea ya kunitazama nikila na kusema, "Sijui mkono huo uliuokotea wapi." Nilikuwa nikicheka. Sasa nikaelewa kwamba lilikuwa swali.

Sikumuuliza mtu. Nadhani niliogopa kwamba nikiuliza watajua kuwa najua, na watanirudisha mapema. Badala yake nikawa mtoto mwema kupita kiasi. Niliosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Nilikula ugali kwa mkono wa kulia, polepole, unaniangukia mapajani, Kulwa akaniuliza nina nini. Nilisimama mbele ya kioo cha bafuni nikivuta ndewe za masikio yangu mpaka zikawasha. Chakula kilikuwa hakishuki. Mama alinipima joto, akanigusa shingo kwa mgongo wa kiganja, akasema sina homa, na mimi nikawaza kwamba ni mwema sana huyu mama, hata kwa mtoto asiyemtaka.

Jumamosi Mama aliondoka asubuhi kwenda zamu. Nilimkumbatia mlangoni nikakataa kumwachia, akacheka, akasema nitamchelewesha. Kulwa alipelekwa kwenye sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yake. Baba akaja chini ya ngazi, funguo za gari mkononi.

"Doto! Vaa viatu, mwanangu. Tunakwenda kurudisha."

Nilikuwa nimekwisha kufunga mzigo. Ndani ya begi la shule niliweka nguo za kulalia, mswaki, na picha ya sisi wanne niliyoitoa kwenye friji. Blanketi langu la rangi ya chungwa, ambalo Kulwa alikuwa akilitamani tangu tukiwa wadogo, nililikunja nikaliweka juu ya mto wake. Nikashuka. Baba alikuwa anaweka sanduku refu kwenye buti na hakuliona begi langu, au aliliona akadhani ni la vitabu vya kuchora.

Tulishika barabara ya kusini. Safari hii Baba hakuimba, na sasa najua alikuwa na huzuni zake mwenyewe, lakini mimi nilidhani anaona haya. Mashamba yakapita, na vibanda vya kuuza maboga. Nikawaza kwamba ni afadhali nijue mapema. Na nikafanya jambo ambalo sikuwa nikilifanya: nikasema kwa Kiswahili, bila kuombwa, nikitumaini labda litanisaidia kuonekana wa asili.

"Baba. Kule mimi narudi, iko watoto ingine?"

Baba akacheka kwanza, kwa sababu ya Kiswahili chenyewe. "Unarudi wapi?"

"Kule walinitoa. Kabla ya kuniunganisha na Kulwa."

Akanitazama kwenye kioo. Nilikuwa nimelikumbatia begi, mpini wa mswaki umechomoza juu. Cheko likamtoka usoni. Akawasha taa ya pembeni, akaingia kwenye kituo cha mafuta, akasimamisha gari mbali na pampu, akazima injini.

"Nani kakwambia hayo?"

"Wewe. Na Anko Wafula. Mlisema Kulwa ni orijino, mimi nimeletwa baadaye. Na Mama alisema hanitaki kwenye nyumba yake."

Sijawahi kumwona mtu akikumbuka kitu kwa namna ile. Mdomo wake ulifunguka, ukakaa wazi. Kisha akatoka, akafungua mlango wa nyuma, akakaa pembeni yangu, magoti yamekunjamana kwa sababu kiti kilikuwa kidogo kwake. Akainua vidole vyake viwili vya shahada, akavilaza pamoja mbele ya uso wangu.

"Hii ni mitutu ya bunduki. Umeona? Huu wa kulia, Bibi yako aliuita Kulwa. Huu wa kushoto aliuita Doto. Ile ya kwetu nami nikaiita hivyo hivyo. Tulikuwa tunaongelea chuma, Doto. Chuma! Mama yako anaichukia bunduki. Wewe anakupenda mpaka ananichosha."

"Na mkono wangu?"

"Mkono gani?"

Nikamwonyesha wa kushoto. Baba akaushika, akaugeuza kiganja juu.

"Huu ni wa Bibi yako," akasema. "Alikuwa wa kushoto. Alilima kwa kushoto, akalenga kwa kushoto, watu wakamsema sana. Mimi nikikuona unaandika namwona yeye, ndiyo maana wakati mwingine nageuka naangalia kwingine." Halafu akaanza kulia, mtu mzima aliyevaa tai hata Jumamosi, huku mlangoni mwa duka watu wanapita na kahawa zao. Alilia kwa ajili ya mama yake, naamini, na kwa ajili yangu, vyote vilitoka pamoja. Mimi sikulia. Mimi nilipatwa na njaa. Njaa ya wiki nzima ilinirudia kwa mkupuo, na Baba akaingia dukani akaninunulia chipsi na donati na maziwa ya chokoleti, nikavimaliza vyote kabla hatujarudi barabarani, nimefungua dirisha, upepo unanipiga usoni. Sijui kama nimewahi tena kuwa na raha kama ile.

Kwenye ukumbi wa mnada tulipokelewa na mama mmoja wa makamo, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, ambaye kazi yake ilikuwa kukagua silaha. Baba akamweleza tatizo. Yule mama akaitoa mitutu, akaigeuza tumbo juu, akamulika kwa taa ndogo, akaweka kioo cha kukuzia na kutazama chapa zilizogongwa chini.

"Uko sahihi," akamwambia Baba. "Mmoja umebadilishwa. Tuliandika vibaya, nasikitika."

"Wa kushoto," Baba akasema.

"Hapana. Wa kushoto ndio wa asili. Tazama, chapa yake imegongwa kwa muhuri ule ule uliogonga hii ya kwenye mwili wa bunduki. Wa kulia ndio mgeni. Uko safi kwa sababu haukufanya kazi miaka mingi kama mwenzake."

Baba aliinama kutazama, akakaa ameinama muda mrefu, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia tena. Alikuwa anacheka.

"Doto," akaniambia kwa Kiswahili, "umesikia? Kulwa ndiye wa kubandikwa!"

Yule mama alisema kama Baba anaipenda bado, wanaweza kumpunguzia bei akaondoka nayo, maana ni bunduki nzuri hata hivyo. Baba aliishika mara ya mwisho. Aliiweka begani, mitutu imeelekea ukutani, akafumba macho, akaishusha.

"Hapana, asante," akasema. Na tulipokuwa tunatoka, sanduku limebaki juu ya kaunta, akaniambia, au alijiambia, "Niliyekuwa namtafuta hayumo mle." Alisema bila uchungu. Alitembea kama mtu aliyetua mzigo, akaniacha nikae kiti cha mbele mpaka mwisho wa maegesho, jambo ambalo Mama angelipigia kelele.

Kulwa alirudi na keki kwenye kitambaa cha karatasi, akalikuta blanketi la rangi ya chungwa juu ya mto wake, akaja mbio kuniuliza limefikaje. Nikamweleza yote, na mwisho nikamweleza, kwa furaha ambayo sikujaribu kuificha, kwamba imegundulika kuwa yeye ndiye asiye wa asili. Nilitegemea acheke. Midomo ikaanza kumtetemeka. Tulikuwa na miaka minane, na mambo kama hayo hayana mtutu wala chuma ukiyasikia mara ya kwanza. Mama alipofungua mlango jioni, alimkuta Kulwa analia kwenye korido, mimi namfariji, na Baba amesimama katikati akijaribu kueleza kuanzia mwanzo.

Mama ni mtu ambaye haingii ndani na viatu vya hospitali. Siku ile aliingia navyo. Aliposikia sehemu ya yale maneno yake ya jikoni, alijishika kifua, akakaa chini sakafuni pale pale, sare na yote, akatuvuta. Alinukia sabuni ya hospitali. Hakusema samahani kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili, alinibana tu mpaka nikahisi moyo wake unavyokimbia, na Kulwa naye upande wa pili, kamasi zake zote kwenye kola ya Mama.

"Nani alitoka kwanza, kweli?" Kulwa akauliza.

"Wewe. Halafu Doto. Mimi nilikuwepo, msisikilize mtu mwingine." Akapangusa pua ya Kulwa kwa mkono wa sare. "Walinilazia mmoja kifuani huku, mmoja huku. Machozi yalikuwa yananitoka mpaka masikioni, na sikuweza kuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imejaa."

"Ulikuwa unalia nini?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nimeogopa miezi mingi kwamba atafika mmoja tu," Mama akasema. "Na mmefika wote."